Kipato Alichokitaja Mwenyewe

Mafundi wenzake walimwita Milimita, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa fundi vigae. Ukimkuta kazini, utamkuta amepiga magoti katikati ya chumba kitupu kinachonuka saruji mbichi, shavu lake karibu liguse sakafu, jicho moja amelifumba, anatazama kama kigae cha mwisho kimelala sawa na cha kwanza. Kikizidi hata kwa unene wa ukucha, anakibandua. Gundi imeshaanza kushika, mwenye nyumba amesimama mlangoni anatazama saa yake, na yeye anakibandua tu, anaikwangua gundi kwa mwiko, anaanza upya.

"Milimita, utatuzeesha," fundi bomba alikuwa akimwambia. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yake wa karibu, kwa sababu vyoo na mabafu viliwakutanisha kila wiki. "Hiki ni choo. Watu watakuja kukaa humu, hawatakuja kupima."

"Anayekaa chooni ndiye mwenye nafasi ya kutazama sakafu," Milimita alijibu bila kuinua kichwa.

Ndiyo maana waliomjua walishindwa kuelewa, jambo lilipokuja kujulikana, jinsi mtu wa namna ile alivyosimama mahakamani akataja kipato cha kubuni.

Ndoa yake ya kwanza haikuvunjika kwa kishindo. Ilichakaa. Mkewe, Mama Kidoti, alikuwa muuzaji katika duka la dawa, mwanamke wa maneno machache aliyetoka katika nyumba ya watu wa ofisini, na kaka yake alikuwa karani wa benki aliyevaa tai hata siku ya mapumziko. Siku moja mezani, mbele ya ukoo mzima, karani huyo alisema, "Dada yangu ameolewa na magoti." Watu walicheka. Milimita naye alicheka, kwa sababu kutocheka kungekuwa aibu kubwa zaidi. Lakini tangu siku ile alipokuwa akirudi nyumbani alikuwa akibadilisha suruali kabla ya kuingia ndani, kwenye ngazi, gizani, kama mwizi.

Walipoachana, Kidoti alikuwa mtoto wa darasa la pili, msichana mwenye doa jeusi juu ya mdomo lililompa jina lake. Alikwenda kuishi na mama yake, na mama yake akafungua shauri la matunzo. Hakukuwa na chuki ndani yake. Alimpigia Milimita simu kabla, akamwambia, "Baba Kidoti, nimekwenda mahakamani. Si vita. Nataka tu ijulikane kila mwezi kinakuja nini, nisiwe nakuomba omba."

"Sawa," alimjibu. "Ni haki."

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko alivyotarajia: meza ya hakimu, meza ya karani, mabenchi mawili, na feni iliyozunguka polepole kama inayofikiria kuacha kazi. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi. Alieleza kwa upole kwamba katika shauri la namna hii hakuna mshitakiwa wala mshindi. Kinachotafutwa ni mtoto anahitaji nini kwa mwezi, mama anapata nini na baba anapata nini, ili kila mmoja abebe kwa kadiri ya bega lake. Mama Kidoti alitoa hati yake ya mshahara, ikaandikwa. Ikafika zamu ya Milimita. Fundi hana hati ya mshahara. Ana mdomo wake tu.

"Bwana, kwa wastani, kwa mwezi unapata kiasi gani?"

Jibu la kweli alikuwa nalo. Lilikuwa dogo, tena lilikuwa na mikia mingi: kuna mwezi wa nyumba mbili, kuna mwezi wa choo kimoja, kuna mwezi mtupu kabisa. Aligeuka kidogo, mwenyewe hakujua kwa nini, akamwona shemeji yake kwenye benchi la nyuma, mikono ameifunga kifuani, tabasamu limekaa tayari pembeni ya mdomo, linasubiri. Milimita akataja kiasi alichokipata mara moja tu maishani mwake, mwezi ule alipotandika ukumbi mzima wa hoteli akiwa amelala palepale kwenye maboksi ya vigae.

Karani wa mahakama aliinua kalamu. "Samahani. Hicho ni kwa mwezi au kwa mwaka?"

Watu wawili watatu walicheka.

"Kwa mwezi," Milimita alisema. Kisha, kwa kuwa tabasamu la nyuma lilikuwa bado halijafa, akaongeza, "Mwezi ukiwa mbaya."

Hapo lilikufa. Aliliona likifa. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake yote siku ile, na ilidumu mpaka hakimu alipoanza kuandika.

Kwa maana hesabu ya matunzo haisimami mahali pamoja. Yeye alidhani kwamba akitaja kipato kikubwa ataambiwa tu ana uwezo. Hakujua kwamba mahitaji ya mtoto nayo hupanda. Mtoto wa mtu mwenye kipato kile, hakimu alisema, anastahili kusoma na kuvaa na kutibiwa kama mtoto wa mtu mwenye kipato kile, hata kama baba na mama hawalali tena nyumba moja. Shule ikapanda daraja. Chakula kikapanda. Nafasi ya kulala ikapanda. Halafu mzigo huo mkubwa ukagawanywa kati ya mshahara wa kweli wa mama na mshahara wa ndoto wa baba, na kwa kuwa ndoto ilikuwa nene, ikabeba sehemu tatu, mama akabeba moja.

Mama Kidoti alikuwa ameketi kando yake wakati wote huo. Alimtazama mara moja tu, upande upande, kisha akatazama mikono yake.

Milimita alitoka nje na nakala ya amri mfukoni. Mtu mwingine angerudi siku ileile akasema, mheshimiwa, nimekosea. Yeye alikwenda kazini. Na sasa sikiliza jambo la ajabu: alilipa. Mwezi baada ya mwezi, alilipa. Aliuza pikipiki yake. Alihama kutoka vyumba viwili akaingia chumba kimoja nyuma ya gereji, ambako harufu ya rangi ya magari iliingia hata kwenye mto wa kulalia. Aliacha chakula cha mchana. Alipokea kazi za sikukuu, kazi za Jumapili, kazi ambazo mafundi wengine walizikimbia, vigae vya ngazi za nje kwenye jua kali, akiwa amefunga vipande vya godoro kwenye magoti. Miezi mingine alikopa kwa fundi bomba, akalipa kwa kumsaidia kuchimba mitaro. Tarehe ilipofika, matunzo yalikwenda.

Na kwa kuwa yalikwenda, yakawa ushahidi. Kila malipo yalisema kwamba yule mtu aliyetajwa mahakamani yupo. Shemeji aliacha kusema habari za magoti. Kidoti aliingia shule ya bweni yenye maktaba na kiwanja cha nyasi. Jumamosi za likizo baba yake alimchukua, akiwa amevaa shati lake moja la kutokea, akampeleka kutazama sakafu alizotandika: ukumbi wa hoteli, mapokezi ya kliniki, nyumba ya daktari wa meno. "Kazi yangu hii," alimwambia. Kidoti alikuwa akivua viatu ili atembee juu yake. Katika akili ya mtoto, mtu mwenye kazi zote hizo ni mkandarasi, ana ofisi mahali, ana watu chini yake. Baba yake hakuwahi kumwambia kuwa ni mkandarasi. Hakuwahi kumwambia kuwa siye.

Baadaye alioa tena. Mke wa pili alishona mashuka na foronya nyumbani, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kupasua ukuta, ambaye alimpenda, alisema mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwanamume wa kwanza aliyemwona akikunja nguo kwa kulinganisha pembe. Alijua kuna mtoto na kuna matunzo. Kiasi hakukiuliza, aliona ni uungwana kutouliza. Wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Mzee kwa jinsi alivyozaliwa amekunja paji la uso kama anayedaiwa kodi.

Mzee alipokuwa na miezi michache alibanwa na kifua. Ilikuwa alasiri. Mkewe alimkimbiza hospitali, akaandikiwa dawa na mashine ya kuvutia hewa, akampigia mumewe simu alete fedha. Alisubiri kwenye benchi la korido huku mtoto akivuta pumzi kwa mlio. Milimita alifika na vumbi la vigae hadi kwenye kope.

"Umeleta?"

Alimpa alichokuwa nacho. Mkewe alikitazama kiganjani.

"Hii ni ya nini? Nauli?"

"Jana nilituma ya Kidoti."

"Najua ulituma. Nauliza iliyobaki."

"Ndiyo hiyo iliyobaki."

Muuguzi mmoja, Mungu ambariki, aliwaazima mashine ya wodi, na Mzee akapata nafuu kabla jua halijazama. Lakini waliporudi nyumbani mkewe hakukaa kwenye cherehani. Alikaa kitandani na mtoto kifuani, akasema kwa sauti ya chini ambayo mumewe hakuwahi kuisikia, "Niambie kiasi."

Alimwambia.

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Mume wangu, haya ni matunzo au ni kodi ya ikulu?" Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Nani alikupangia hivi? Hakimu gani ana roho hiyo?"

Na hapo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukimbilia katika chumba kimoja, akamweleza. Benchi la nyuma. Tabasamu. Mwezi ukiwa mbaya. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akimpapasa mtoto mgongoni.

"Kwa hiyo," alisema, "mwanangu amekosa hewa ili shemeji yako wa zamani asicheke."

Asubuhi yake alimwekea shati la kutokea juu ya kiti, amelipiga pasi.

Ofisa ustawi wa jamii alikuwa kijana mwenye sauti ya kuchoka, katika ofisi ambayo mafaili yalikuwa yamekalia viti vyote isipokuwa kimoja. Alimsikiliza, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyesikia mengi. Amri inaweza kubadilishwa, alisema, na wala si jambo la ajabu. Inaongezwa, inapunguzwa, maisha yanabadilika. Lakini ni lazima aombe. Mpaka aombe, amri inatembea ileile, na kinachorukwa kinalimbikizwa. Na ikipunguzwa, inapunguzwa kuanzia siku aliyoomba, si nyuma ya hapo.

"Sasa, swali la hakimu litakuwa moja," kijana alisema. "Tangu siku ile, kumebadilika nini? Ulifukuzwa kazi? Uliumia?"

"Nimepata mtoto."

"Hilo lipo, lina uzito wake. Lakini halitashusha kiasi chote hiki. Kipato chako kimeshuka kutoka wapi mpaka wapi?"

Milimita alitazama mafaili yaliyokalia viti.

"Mzee wangu, kazi zimepungua?"

"Hazijapungua."

"Basi kipato kimeshuka vipi?"

"Hakijashuka," Milimita alisema. "Hakikuwahi kuwepo."

Kijana aliweka kalamu chini. Alimtazama, na uchovu ukamtoka usoni kwa mara ya kwanza.

"Uliapa pale?"

"Niliapa."

"Basi una njia mbili. Utafute kilichobadilika, au useme ukweli. Ya kwanza mimi siwezi kukusaidia kuitafuta. Ya pili siwezi kukuahidi itaishia wapi. Hakimu anaweza kukuonea huruma, anaweza kukasirika. Na mkasa wenyewe utasomwa mbele ya mama wa mtoto."

Fundi bomba alikuwa na mawazo zaidi ya mawili. Alimwambia siku ileile, wakiwa wamebanana katika bafu la nyumba ya ghorofa, mmoja chini ya sinki, mwingine pembeni ya mlango.

"Sema magoti yamekufa. Nani atakwenda kuyafufua? Tembea hivi." Alijikokota mpaka akagonga bomba. "Aa! Mama yangu!"

"Yakifa magoti, nitawekaje vigae hivi mbele ya mwenye nyumba?"

"Basi sema biashara imeanguka. Wote tunasema biashara imeanguka, hata ikiwa imesimama."

"Hapana."

"Kwani unaogopa nini? Jela?"

Milimita alisugua gundi kwenye vidole. "Kidoti ana miaka kumi na minne sasa. Anaandika insha shuleni kuhusu baba yake. Alinisomea moja."

Fundi bomba alitoka chini ya sinki, akakaa chini kwenye saruji.

Milimita alipeleka maombi mahakamani. Mwezi uliofuata alituma alichoweza, na mwezi wa pili vilevile, na upungufu ukaanza kulimbikizwa kwa jina lake. Mama Kidoti alimpigia.

"Baba Kidoti, imekuja pungufu."

"Najua."

"Na nimepata wito. Kuna nini? Umeumwa?"

"Sijaumwa. Tutaonana huko."

Kabla ya siku hiyo, Kidoti alikuja likizo, na baba yake akampeleka kama kawaida kutazama sakafu mpya, ngazi za jengo la ofisi. Alikuwa amepania kumwambia. Alipanga maneno njiani, akayalinganisha, akayabandua, akayapanga tena. Kidoti alipanda ngazi mbele yake akiongea bila kupumua: walimu, rafiki aliyefukuzwa bwenini kwa kupika, safari ya masomo ya mwaka ujao ambayo wenzake wengi hawatakwenda.

"Lakini mimi nimeshajiandikisha," alisema. "Nimewaambia baba yangu hana shida."

"Ee," Milimita alisema.

"Baba, hizi ngazi wewe ndiye uliyezichora?"

Alifungua mdomo. Chini yao mlinzi alikuwa akiimba. "Nimezitandika," alisema.

"Zimenyooka," Kidoti alisema, akaendelea kupanda. Maneno yote aliyokuja nayo yakabaki pale kwenye ngazi.

Hakimu alikuwa yuleyule, miwani kwenye uzi uleule. Shemeji hakuwepo; alihamishiwa tawi jingine la benki zamani, na huenda siku nzima hakukumbuka kwamba kuna mtu duniani anayemwogopa. Benchi la nyuma lilikuwa na mama mmoja tu akimnyonyesha mtoto, akisubiri shauri lake.

"Bwana, unaomba kiasi kipunguzwe," hakimu alisema. "Mahakama inataka kujua tangu amri ile kumebadilika nini."

"Nimepata mtoto wa pili, mheshimiwa."

"Nimeona. Na kipato?"

Alijua kwamba hata sasa angeweza kupita pembeni. Maneno yalikuwa tayari: hali ngumu, kazi hakuna. Hakimu angeandika, angepunguza kidogo, na mtu wa kubuni angebaki hai, amekonda tu. Alitazama sakafu ya mahakama. Ilikuwa ya vigae vya zamani, na aliyeviweka hakujali.

"Kipato ni kilekile, mheshimiwa. Siku ile nilidanganya."

Kalamu ya karani ilisimama.

"Ulificha kipato?"

"Nilikiongeza."

Hakimu alivaa miwani, akamtazama kupitia vioo kana kwamba macho matupu hayatoshi. "Miaka ishirini nakaa hapa," alisema, "wanaume wanakuja kunionyesha viraka. Wewe ulikuja kunionyesha koti lisilo lako." Hakutabasamu. "Unajua kwamba kusema uongo chini ya kiapo ni kosa?"

"Najua."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

Alieleza. Iliposikika kwa sauti, katika chumba kile cha mabenchi mawili, ilikuwa sababu ndogo mno. Haikujaza hata dakika. Mama aliyekuwa akinyonyesha aliinamisha kichwa ili asionekane anasikiliza.

Hakimu akamgeukia Mama Kidoti. "Mama, ulikuwa ukijua?"

Mama Kidoti alisimama. Alikuwa amevaa sare ya duka la dawa, ametoka kazini na atarudi kazini. "Nilijua, mheshimiwa. Nimeishi naye. Fedha zake nilikuwa nikizipanga mimi."

"Na ukanyamaza?"

"Alisema mwenyewe." Alinyoosha sare yake. "Mheshimiwa, nilikuwa na mtoto na mshahara mmoja. Nilijiambia, pengine akilazimika atakuwa huyo mtu aliyemtaja. Na miezi ikapita, na akawa anatuma. Nikaanza kuamini. Nilidhani amefanikiwa baada ya kuniacha. Niliona uchungu, hata." Alimgeukia Milimita kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ulikuwa unazitoa wapi?"

Milimita alitazama tena vigae vya zamani vya sakafu. Hakimu hakumlazimisha kujibu.

Milimita aliomba apewe muda, akaleta alichoweza kuleta: majina ya wenye nyumba wa mwaka mzima, malipo ya kila kazi, miezi mitupu ikiwemo. Ofisa ustawi alikwenda kukiona chumba cha nyuma ya gereji. Hesabu ikafanywa upya, mwaka wote ukajumlishwa na kugawanywa kwa miezi yake, Mzee akahesabiwa mtoto kama Kidoti. Matunzo yalishuka mpaka karibu theluthi ya kiasi cha zamani. Mama Kidoti, ambaye mshahara wake ulikuwa umepanda kidogo, sasa alibeba nusu. Yaliyolipwa kabla ya maombi hayakuguswa, na upungufu uliolimbikizwa tangu hapo, ukipimwa kwa kiasi kipya, ukapangiwa kulipwa kidogo kidogo. Kuhusu kiapo, hakimu alimkaripia kwa maneno ambayo Milimita hakuyarudia kwa mtu yeyote, akasema hatampeleka mbele zaidi, kwa kuwa aliyeumizwa na uongo ule ni yeye na walio nyumbani mwake, na kumfunga ni kuwaumiza tena walewale.

Nje, kwenye korido, Mama Kidoti alisimama akitafuta kitu mkobani ambacho hakukipata.

"Shule ile haiwezekani tena," alisema.

"Najua."

"Nitamhamishia ya kutwa, muhula ukiisha. Ni shule nzuri. Si kama ile." Alifunga mkoba. "Mimi simwambii. Nimeshamfichia vya kutosha. Ulisema mwenyewe mbele za watu, kaseme na mbele yake."

Alikwenda Jumapili, saa za mchana. Hakuvaa shati la kutokea. Hakukusudia lolote kwa hilo, lilikuwa limefuliwa. Kidoti, aliyetoka bwenini kwa mapumziko mafupi, alikuwa uani kwa mama yake akifua soksi za shule kwenye beseni, soksi ambazo baada ya wiki chache hazitakuwa na kazi. Milimita alivuta ndoo akaigeuza, akakaa. Akamwambia. Safari hii hakupanga maneno, yakatoka yamepishana, mengine juu, mengine chini, lakini yalitoka yote.

Kidoti hakulia. Aliendelea kufua soksi moja, ileile.

"Kwa hiyo wewe si mkandarasi."

"Ni fundi, mama. Fundi vigae."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na viatu vya michezo? Na simu? Na ile sherehe ya darasa, nilivyosema wote wanatoa, ukatoa?" Alikuwa akiinua sauti kidogo kwa kila kitu alichokitaja. "Nilikuomba begi jipya wakati la zamani lilikuwa zima! Nilikuwa nalitaka tu! Mbona hukusema hapana? Baba wa wenzangu wanasema hapana!"

"Nilishindwa."

"Mama anasema Mzee alikimbizwa hospitali."

"Alipona."

"Alikimbizwa mwezi ule wa begi?"

Milimita alitazama povu.

Kidoti alitupa soksi ndani ya beseni, maji yakamrukia baba yake magotini. "Umenifanya mtu mbaya," alisema, "na mimi sikujua." Sasa alikuwa akilia, kwa hasira, akijipangusa kwa kiwiko kwa kuwa viganja vilikuwa na sabuni. "Usinitumie kitu. Mwezi huu usitume. Mpe yeye."

"Siwezi, mama. Yake ipo, imehesabiwa. Na yako imehesabiwa. Si zawadi ile niweze kuizuia."

"Ni kiasi gani?"

Alimwambia matunzo mapya. Kidoti alikunja uso, akifanya hesabu; alikuwa mwepesi wa hesabu.

"Na wewe? Kwa mwezi unapata kiasi gani?"

Hakuna aliyekuwa nyuma yao. Ulikuwa ua wa watu wote, kamba za nguo, paka juu ya ukuta, redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo. Milimita alitaja kiasi.

Kidoti alimtazama usoni, macho mekundu, bila kupepesa.

"Kweli hiyo? Au na hiyo umeongeza?"

Milimita alisogea juu ya ndoo. Maji ya sabuni yalikuwa yanapenya suruali, yakifika kwenye ngozi.

"Kidogo," alisema.

"Punguza," Kidoti alisema.

Akapunguza.